Fundi wa Taa za Nyuma

Ukimpelekea gari ukamwambia balbu ya nyuma imeungua, alikuuliza kwanza, "Nani amekuambia?" Na hakuna aliyekuambia. Uliona tu taa haiwaki ukaamua. Hapo alikuangalia kama mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani. Balbu, alisema, ndiyo kitu cha mwisho kulaumiwa. Mimi niliyekuwa nauza balbu hizo ng'ambo ya barabara sikuyafurahia mahubiri hayo hata kidogo.

Duka langu la spea liko hapa Kakamega, upande wa kuelekea Amalemba, na kibanda chake cha mabati kilitazamana na mlango wangu miaka mingi, hata nikakijua kikohozi chake. Mafundi walikuwa tele: wa injini, wa breki, wa rangi, wa kunyoosha bodi. Lakini ukisema Fundi, basi, kila mtu alijua unamsema yeye. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari, na ndani ya umeme huo alikuwa na ugonjwa wake mmoja, taa za nyuma. Stata na betri alitengeneza kwa sababu mtu lazima ale. Taa za nyuma alizitengeneza kama anayetetea shamba la yatima.

"Taa ya mbele ni yako," alisema. "Ya nyuma ni ya mwenzako. Sasa wewe unajifikirianga peke yako?"

Hilo alimwambia mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, na wengine waliudhika wakahamia kwa fundi mwingine. Hakuwaita warudi.

Njia yake ilikuwa moja na hakuna gari lililomfanya airuke. Alifungua kioo cha taa akachungulia kutu. Kisha alitafuta waya ule unaoshikwa na skrubu kwenye bodi, ambao mafundi huuita athi, akaukwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae. "Moto ukienda lazima urudi nyumbani," alinieleza siku moja nilipomuuliza kwa nini kila mara anaanzia hapo. "Ukikosa njia yake utapitia kwa jirani." Ndiyo maana, alisema, unakuta gari ukikanyaga breki, indiketa nayo inapepesa, au taa moja inafifia ilhali mwenzake inawaka vizuri. Watu wananunua balbu, wananunua fyuzi, wananunua hadi swichi ya breki, kumbe ni skrubu moja tu iliyoliwa na kutu. Akimaliza athi ndipo alipochukua testa yake, balbu ndogo aliyoifungia waya mbili yeye mwenyewe, akaufuata moto kutoka kwenye fyuzi kwenda nyuma, akidunga na kutazama, akidunga na kutazama. Balbu yenyewe aliitoa mwisho. Mara nyingi ilikuwa nzima, naye aliinyanyua juu makusudi ili niione kutoka dukani.

"Fundi, unaniulia biashara," nilimwambia.

"Mama Spea, mimi nakutengenezeanga jina."

"Jina nitapika?"

"Pika na mrenda," akasema, akarudi chini ya gari.

Ndivyo tulivyoishi. Ungesikia tukirushiana maneno kutoka ng'ambo hii hadi ile ungedhani tumekosana, na hatukuwahi kukosana ila mara moja, na hiyo nitaifikia.

Taa ya breki ina ubaya wake: huwezi kuijaribu peke yako. Mguu wako uko mbele kwenye kanyagio na taa iko nyuma. Kwa hiyo kila mwenye gari alipelekwa nyuma akasimama, Fundi akaingia kwenye usukani. "Imewaka?" "Imewaka." "Sasa?" "Imezima." Lakini Fundi alikuwa mjanja kama sungura. Katikati ya maswali hayo alikuwa anauliza "Imewaka?" ilhali hajakanyaga kitu. Uliyekuwa umeshachoka na jua, au unasoma simu, ulijibu "Imewaka," na hapo ndipo ulipokwisha. Alishuka, akafuta mikono, akakuambia gari lako halitoki leo, utarudi kesho na mtu mwenye macho.

Alimfanyia hivyo mchungaji mmoja mbele ya watu. Mchungaji alikuwa anaharakisha kwenda kwenye mazishi, akasema imewaka. "Mchungaji," Fundi akamwambia taratibu, "sijakanyaga." Tulicheka sote, mchungaji akacheka pia, Fundi peke yake ndiye hakucheka. Mchungaji alipoondoka, baada ya kusimamishwa tena nyuma kama mtoto wa shule, Fundi alivuka barabara akaja kwangu kuomba maji ya kunywa. "Sasa huyu," alisema, "akiniambia huko mbinguni kumewaka, nitamwamini namna gani?"

Usidhani basi alikuwa malaika. Kinyozi hajinyoi. Baiskeli aliyopanda kurudi chumbani kwake haikuwa na taa mbele wala nyuma, hata kile kipande chekundu cha plastiki kinachomulika hakikuwepo, na ukimwambia alijibu kwamba yeye anajulikana barabara nzima. Alikuwa mchoyo wa chakula. Mke wake alikuwa nyumbani Khwisero akilima, na alipomtumia obusuma, ugali wa kwetu, na nyama iliyofungwa vizuri, Fundi alikula ameupa mlango mgongo. Lakini msafiri akiharibikiwa hapo kwetu bila anayemjua, alimtengenezea na kumtafutia mahali pa kulala, na asubuhi hakutaka hata kushukuriwa. Kwaya ya kanisani kwao alihama mara mbili kwa ugomvi, mara zote akidai wenzake wanaimba kwa pua.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi. Pole alijua kuisema, hasa kwenye msiba. Samahani sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Kuna mwalimu aliyemtengenezea gari, waya zikapishana, akiwasha indiketa ya kulia inawaka ya kushoto. Mwalimu alirudi amewaka yeye mwenyewe, maana nusura agongwe kwenye mzunguko wa barabara. Fundi alilifungua lile gari akageuza zile waya, na muda wote huo alikuwa anasema, "Hii gari iko na tabia. Hii gari iko na tabia mbaya." Kesho yake kuku mzima, ingokho wa kienyeji mwenye mafuta, alipelekwa nyumbani kwa mwalimu akiwa kwenye kikapu. Hakukuwa na maneno. Ukimjua Fundi, ulijua kuku huyo amebeba nini.

Wengi walitosheka na kuku. Mtu mmoja hakutosheka, na ninapomkumbuka Fundi leo, na moyo wangu unaniuma kusema hivi juu ya marehemu, namkumbuka zaidi kwa neno ambalo mtu huyo alilingoja.

Alikuwa ndugu yake mdogo wa tumbo moja. Mwanamume mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini, dereva wa trekta za kubeba miwa. Siku za mapumziko alikuja kibandani kumsaidia kaka yake, na kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya magari. Huyo ndiye mtu pekee ambaye Fundi hakumtega. Akisema imewaka, imewaka. Fundi alikuwa akimwambia kila anayesikiliza, "Macho ya huyu ni yangu." Walikula pamoja, na huyo ndiye pekee aliyewahi kutiliwa nyama ya kile chakula cha kutoka nyumbani.

Sasa trela za miwa, kama hukuwahi kuziona, ni mateso ya fundi wa taa. Trekta inavuta trela, na taa za trela zinapata moto kwa kebo ndefu inayochomekwa nyuma ya trekta. Trela likiingia shambani, kebo inaning'inia, visiki vya miwa vinaikamata, inakatika. Leo unatengeneza, kesho imekatika. Wenye matrekta walichoka, wakaacha trela zitembee bila taa, na barabara ya kwenda Mumias ikawa ya hatari jioni jioni, maana trela la miwa halina umbo, ni giza tu linalotembea. Jambo hilo lilimnyima Fundi usingizi. Nilimwona akilipigia hesabu kichwani siku nyingi, na mwisho akapata dawa. Dereva akifika mlangoni mwa shamba, achomoe kebo, aikunje, aiweke chini ya kiti chake. Akitoka na mzigo, akifika kwenye lami, aichomeke tena. Basi.

Aliwafundisha madereva mmoja mmoja pale kibandani, akianza na ndugu yake. Akamshika mkono akamwonyesha jinsi ya kukunja kebo isivunjike ndani. Niliona kwa macho yangu. Na ilifanya kazi, tena sana. Kebo zilidumu, trela zikawa na taa, nami nikabaki na mzigo wa kebo dukani hakuna wa kununua. "Umeniua tena," nilimwambia, na alicheka siku hiyo, kicheko cha mtu aliyefanya jambo jema.

Alichosahau Fundi ni kwamba mkono ukizoea kuchomoa kila siku, kichwa hakiuangalii tena. Na kuchomeka kunahitaji kichwa. Dereva anatoka shambani amechoka, wapakiaji wanamkimbiza, mvua inanyesha, foleni kiwandani ni ndefu. Taa za trekta mbele zinawaka. Za trela ziko nyuma yake, hazioni.

Jioni moja ndugu yake alitoka shambani na mzigo, kebo ikiwa chini ya kiti. Mvua ilikuwa imetangulia, giza linaingia. Kijana wa boda akamjia kutoka nyuma akiwa mbio kufika kwake, hakuliona lile trela mpaka alipokuwa chini yake. Alikufa palepale. Alikuwa na mke na mtoto mchanga.

Siku chache baadaye polisi walikuja kwa Fundi na ile kebo, pamoja na ndugu yake. Walitaka kujua kama taa zilikuwa mbovu. Trela lilikuwa limeburutwa hadi pale karibu na kwetu. Fundi alitoka, akaleta betri, akachomeka. Taa zote ziliwaka, kushoto na kulia, nyekundu safi mchana kweupe. Akasimama wima.

"Waya yangu haina kosa," aliwaambia. "Waya iko sawa kabisa. Kosa ni la mtu."

Polisi akamgeukia yule ndugu. "Kwa nini hukuchomeka?"

Ndugu yake hakumtazama polisi. Alimtazama kaka yake. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa duka na naapa nilimwona akimngoja. Alingoja aseme neno dogo tu, kwamba kuchomoa kwenyewe alifundishwa, kwamba si uzembe wake mtupu. Fundi alikuwa anakunja waya za betri. Hakuinua uso.

"Nilisahau," ndugu yake akasema.

Walimchukua. Alifungwa, na alipotoka leseni haikurudi, wala hakuiomba. Alihamia Khwisero kwenye shamba la baba yao, akajenga upande wa pili wa ua, akawa mtu wa jembe.

Jioni ile ya polisi nilivuka barabara. Ndiyo mara moja tuliyokosana. "Fundi, ungewaambia ulimfundisha wewe," nilimwambia.

"Nilimfundisha kuchomoa na kuchomeka."

"Ndiyo, lakini ungesema. Ungemshika mkono kidogo mbele ya wale watu."

"Mama Spea, wewe uza balbu."

Niliuza balbu. Watu wa tumbo moja ukiingia katikati yao hutoki salama, na ndugu mwenyewe hakusema kitu hata mahakamani. Lakini niliona Fundi alivyobadilika. Madereva wa trekta walipokuja aliwafokea, "Nani aliwaambia mchomoe kebo? Nani?" Wao walitazamana, wakatazama viatu vyao, kwa sababu kila mmoja wao alijua ni nani. Akaacha kutega watu kwenye breki. Ukisema imewaka, alikubali akakuachia gari. Wengine walisema Fundi amekuwa mpole. Mimi nilimhurumia.

Ndugu yake alipotoka jela, Fundi alimtuma mtu na kuku. Kuku yule alirudi. Alirudi mzima, amefungwa miguu vilevile, na aliyemleta alisema ameambiwa asante lakini kwake kuna kuku wa kutosha. Fundi alimwachia pale kibandani akarandaranda kati ya matairi wiki kadhaa, hakumchinja wala hakumuuza, mpaka gari likamkanyaga.

Kisha kiharusi kikamshika. Mkono wa kulia ukafa, na fundi wa waya bila mkono wa kulia afanye nini? Mke wake alikuja akamchukua nyumbani, mabati ya kibanda yakang'olewa, pakawekwa kioski cha simu. Nilikuwa nikifungua duka asubuhi natazama pale kwa mazoea.

Mara ya mwisho nilipomwona ni mchana mmoja nilipofunga duka nikaenda Khwisero na mkate na sukari. Nilimkuta ameketi sebuleni karibu na mlango, mto umewekwa chini ya ule mkono. Alikuwa amepungua hadi shati limemkataa. Maneno yalitoka polepole lakini yalieleweka.

"Mulembe, Mzee," nikasema.

"Mama Spea. Balbu zinatoka?"

"Tangu uondoke zinatoka sana."

Akatabasamu upande mmoja. Tulikaa kidogo, kisha akaelekeza kidevu nje, kwenye ua wa michongoma. Ng'ambo yake tulisikia jembe likigonga udongo. "Nataka kuongea na huyu," akasema. "Kila siku nasemanga kesho. Na mimi unaniona nilivyo."

"Nikuitie?"

"Niitie."

Nilikwenda. Ndugu yake alinisikiliza, akaweka jembe chini, akanawa mikono na uso, akaingia nyumbani akavaa shati safi. Mtu hajisafishi hivyo kwa ziara ya bure. Alikuja akaketi kwenye kiti kilichotazamana na kaka yake, magoti pamoja. Shemeji yake akatuletea chai, akaturudishia mlango.

"Mahindi yako yamefika wapi?" Fundi akauliza.

"Yanafika magotini."

"Uliweka mbolea?"

"Niliweka."

"Mvua imechelewa mwaka huu."

"Imechelewa."

Nilikohoa. Fundi akanitazama, akamtazama ndugu yake, na kifua chake kikapanda. "Ile trekta," akasema.

Ndugu yake akaweka kikombe chini.

"Ile trekta. Bado wako nayo?"

"Nasikia waliiuza."

"Ilikuwa trekta nzuri."

"Ilikuwa nzuri."

Akachukua kikombe tena. Alikunywa kidogokidogo, macho yake yakiwa kwenye uso wa kaka yake, bila hasira, hadi akafika chini ya chai. Fundi alikuwa anautazama mkono wake uliokufa. Ndugu akasimama. "Haya, mkubwa," akasema, "wacha nikaone lile jembe." Akatoka, akaurudisha mlango vizuri nyuma yake.

Hapo ndipo Fundi alipofunguka. Ilimtoka kama maji. "Mimi ndiye nilimwambia achomoe. Ni mimi. Na mbele ya polisi nilijua ananingoja, Mama Spea, nilijua. Nikaokoa jina langu. Nimemfunga mtoto wa mama yangu kwa sababu ya jina." Alikuwa analia kwa jicho moja, lile lingine halikuwa na nguvu.

Sikungoja. Nilikimbia nje na umri wangu huu, nikamkuta ndugu yake hajavuka ua. "Rudi, baba," nikamwambia. "Rudi sasa hivi. Amesema."

"Amesema nini?"

"Kwamba ni yeye aliyekufundisha kuchomoa. Kwamba alikuacha peke yako."

"Hiyo najua," akasema. "Nilikuwepo."

"Basi rudi akuambie mwenyewe. Anaweza sasa."

Alitazama ile nyumba kwa muda. Nilidhani atarudi, nilitamani Mungu amsukume. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Mama," akasema, "nilikaa pale mpaka chai ikaisha."

Akavuka kwenda kwake. Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu.

Nilirudi ndani. Fundi alikuwa amejivuta hadi kwenye ukingo wa kiti, macho mlangoni, kwa mkono ule mzima alikuwa amefuta uso, kisha akauweka mkono kwenye goti, amejitengeneza kama mtu anayepokea mgeni.

"Anakuja?"

Nilimwambia haji.

Mke wake aliingia kukusanya vyombo. Alichukua changu, akachukua cha mume wake, akanyoosha mkono kwa kile cha tatu.

"Hicho kiache," Fundi akasema. "Atarudi kukimalizia."

Mke wake akakitazama kikombe, kilikuwa kikavu, akanitazama mimi. Akakiacha.